Nilisema Kuku wa Sadaka Anakohoa

Kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, sitaisingizia njaa, wala sitamsingizia mama yangu mdogo aliyenipa hela ya chakula akaniamini. Nimeshasingizia vya kutosha. Mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nilimsingizia kuku!

Tena angekuwa kuku wa jirani ningeomba radhi yakaisha. Alikuwa kuku wa sadaka.

Jina langu naomba niliache pembeni, maana Arusha ukiwa na aibu inakuwa ndogo sana. Jueni tu kwamba ni mwanaume mzima, sina mke, na shule niliiacha mapema. Sikuwa mjinga. Tatizo dirisha la darasa letu lilikuwa linatazama barabarani, na kila gari likipita nilitaka kujua linakwenda wapi.

Basi nikayafuata. Nimeosha magari ya watalii mjini. Nimebeba mizigo ya wapandaji wa Mlima Meru. Nimemwagilia miche Olmotonyi, nimepakua magunia Tengeru. Kazi zote hizo hazikukaa na mimi. Kilichokaa ni maswali. Nikimkuta mtu anafanya jambo, lazima nimuulize kwa nini analifanya hivyo, hata kama ananitazama kama mwizi.

Mwaka jana nikachoka kulala kwa watu. Nikaenda kwa mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Ni mjane, anashona sare za shule, na ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri pale mjini. Alinitazama mimi, akalitazama begi langu, akapumua kama mtu anayenyanyua ndoo.

"Chumba cha stoo nakupa," akasema. "Ila humu ndani hakuna mtu wa kula na kulala. Hela ya chakula utaishika wewe. Ununue wewe, utunze wewe. Siku nikikuta kitu kimeoza, au wiki haijaisha na sufuria linalia, unafunga begi lako."

"Sawa, mama mdogo."

"Na usinidanganye. Mimi nimezeeka lakini pua yangu bado ni msichana."

Jamani, nawaambia ukweli: kwa mara ya kwanza maishani nilitaka kubaki mahali. Kile chumba cha stoo kilikuwa na dirisha dogo linaloonyesha Meru asubuhi, na mlango unaofungwa kwa ndani. Nikajiambia, hapa sitoki.

Nikaanza kuuliza maswali, safari hii kwa faida.

Mama mmoja muuza viazi pale Tengeru alinifundisha kwamba viazi havipendi mwanga wala havipendi kulala na vitunguu. Ukiviweka pamoja vinachipua kama vinataka kurudi shamba. Mzee mmoja wa Oldonyo Sambu alinionyesha kuchanganya maharage na majivu yaliyochekechwa, wadudu wakija wanaishia kupiga chafya. Nikajua kuweka mayai ncha chini. Nikajua kufukia karoti kwenye mchanga wenye unyevu. Nikajua kwamba mkungu wa ndizi mbichi usiuweke karibu na parachichi lililoiva, maana parachichi ni mbea, litaziambia ndizi nazo ziive.

Boga nalo lina mambo yake. Usilikate kikonyo. Usiliweke sakafuni. Lipandishe kichanjani, lilaze juu ya nyasi kavu, na kila wiki uligeuze taratibu kama unavyomgeuza mgonjwa. Boga la hivyo linakaa miezi na miezi.

Nililala na viazi upande wa kichwani na maboga upande wa miguuni. Mama mdogo alikuwa anafungua mlango, ananusa, anatikisa kichwa, anaondoka. Kwake huko ndiko kusifia.

Ningeishia hapo leo nisingekuwa naandika haya. Lakini mdadisi hana breki!

Jumapili moja nikamsindikiza kanisani. Walutheri wa huku kwetu wanaelewa ninachotaka kusema. Kwa wasioelewa, watu hawaleti bahasha tu, wanaleta na mazao. Ndizi, maziwa, mayai, kuku kafungwa miguu. Ibada ikiisha vinanadiwa pale nje, na fedha inakwenda kwenye kazi ya kanisa. Na watu hawaji pale kutafuta bei nafuu, wanakuja kutoa. Yai unaweza kulikuta limefika bei ya kuku. Halafu aliyelinunua anasema, "Namrudishia Bwana, linadiwe tena!" Yai linapanda tena. Yai lile lile!

Mimi nikakaa pale nimeshika kichwa. Nikasema hawa watu wana wazimu. Mama mdogo akanifinya.

Baadaye kidogo nilikwenda Olmotonyi kumsalimia rafiki wa kule kwenye miche. Ilikuwa Jumapili, na mvua ikanikuta njiani juu kabisa, mlima ulipoanza kunifunga pumzi. Nikakimbilia kwenye kanisa dogo la mbao. Ibada ilikuwa inaisha. Paa linavuja kila mahali, watu wanahama mabenchi kama kuku wanaokwepa ufagio. Neema ya kufunga ibada ilipotolewa tu, nusu ya waumini wakajifunika mifuko ya mbolea wakakimbia kwao.

Mnadi akabaki na watu wachache. Ni fundi baiskeli, sauti kama honi ya lori, wanamwita Baba Neema.

"Mkungu wa ndizi huu! Nani anaanza? Jamani, sadaka hii! Mnaniangalia mimi, mimi ni ndizi?"

Kimya. Watu wanatazama mvua. Nikataja bei ndogo, ya utani kabisa, ili tu mzee wa watu asiaibike.

"Mara ya kwanza... mara ya pili... jamani, mara ya pili nasema... mara ya tatu! Chukua, mgeni, Mungu akubariki."

Nilishuka na mkungu begani, mvua inanipiga, nami nacheka peke yangu kama kichaa. Tengeru nisingepata bei ile hata kama muuzaji angekuwa mjomba wangu!

Hapo ndipo nilipoharibika.

Nikawa mfuasi wa mawingu. Jumapili asubuhi natoka nje kuutazama Meru. Mlima ukiwa mweupe safi, nalala. Ukijifunika, navaa shati la kanisani. Nikajifunza kukaa benchi la nyuma. Nikajifunza kutoharakia mayai, maana mayai kila mtu anaweza kuyabeba. Mimi nasubiri vitu vizito vinavyomchosha mtu kupandisha mlima: kabichi kubwa, magunia ya viazi, maboga. Nikajifunza zaidi ya yote kunyamaza. Mnada ukinyamaza, bei inajikunja yenyewe.

Sasa sikieni dhambi ilivyo na akili. Fedha za mnada ule zilikuwa za kununua mabati ya paa jipya. Mimi nikinunua rahisi, mabati hayanunuliwi. Mabati yasiponunuliwa, paa linavuja. Paa likivuja, watu wanakimbia mapema. Wakikimbia mapema, mimi nanunua rahisi! Niliwahi kukaa kwenye lile benchi, tone likinidondokea shingoni, nikalishukuru.

Nyumbani mama mdogo akaanza kushangaa.

"Hela hii hii ninayokupa ndiyo inaleta haya yote?"

"Nina mtu wangu huko mlimani, mama mdogo. Ananiuzia vizuri."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Hapendi kutajwa."

"Mwambie namshukuru," akasema, na akaniongezea nyama kwenye sahani. Nyama ile niliitafuna bila haya.

Halafu msimu ukabadilika. Mawingu yakaanza kunitoroka. Jumapili moja nilipanda mlima kwa tamaa ya ukungu uliokuwa asubuhi, nikafika jua limetoka na watu wote wapo. Kuku mmoja mwekundu, mzuri, mnene, akaanza kupanda bei. Mimi nilikuwa nimeshamwahidi mama mdogo kuku. Jirani yangu kwenye benchi, baba mmoja mwenye koti kubwa, alikuwa ananyoosha mkono kuongeza.

Nikamwinamia sikioni. "Mzee, huyu kuku anakohoa."

"Anakohoa?"

"Nimemsikia wakati wa sala. Nisingekuambia, lakini una watoto."

Mkono ukashuka! Akamnong'oneza mwenzake, mwenzake akamnong'oneza mkewe, na neno likazunguka benchi hadi benchi. Kuku akapatwa na kikohozi kanisa zima. Baba Neema akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni, hakuna aliyeongeza. Nikamchukua mimi, kwa sura ya mtu anayejitolea.

Yule kuku hakuwahi kukohoa hata siku moja. Aliimba vizuri tu mpaka Krismasi.

Tangu hapo mdomo wangu ukapata kazi. Kabichi? "Ndani lina viwavi, nililiona linapita." Maziwa? "Kibuyu hakikufukizwa moshi vizuri, nusa." Viazi? "Vya shamba la bondeni hivyo, vinakuwa na maji." Nilikuwa natema uongo mlangoni mwa kanisa, halafu natamka "Amina" kwa sauti kuliko mwinjilisti. Eti najijali! Eti mtunza stoo hodari!

Kisha likaja boga la Koko.

Koko ni bibi kwa Kimaa, na kule juu wote wanamwita hivyo bibi mmoja wa Kiarusha, mwembamba, wa masikio marefu yenye shanga. Alilileta boga mwenyewe mgongoni, amelifunga kwa shuka kama mtoto. Lilikuwa boga! La kijivu, la mviringo, zito kiasi kwamba Baba Neema alilikalisha juu ya kiti badala ya kulishika. Ubavuni lilikuwa na kovu refu lililojikunja, na vikovu viwili pembeni yake.

Mimi nikalitazama lile kovu nikaona neema imeshuka.

"Angalia pale," nikamnong'oneza jirani. "Limechanika likiwa changa. Maji yameingia. Ukilipasua leo, nyumba nzima inanuka."

Neno likatembea. Baba Neema akanadi, akabembeleza, akafuta jasho. Koko alikuwa amekaa mbele, mikono magotini, anageuka kutazama nyuso za watu moja baada ya nyingine. Nilimwona anageuka. Nilimwona vizuri kabisa! Nikataja bei ya bakuli la karanga.

Likawa langu.

Nilipofika nyumbani nililigonga. Likajibu kama mlango wa mninga. Zima, kavu, halina hata tone. Sikulipika, lilikuwa zuri mno. Nikalilaza kwenye nyasi kavu, kikonyo chake juu, kila wiki naligeuza. Nikawa na mazoea ya kulipapasa kabla ya kulala. Mgeni akija, mama mdogo anamleta chumbani kwangu kumwonyesha.

"Tazama kijana wangu anavyotunza vitu. Boga hili lina miezi humu ndani."

"Ubarikiwe, baba," mgeni ananiambia. Nami naitikia!

Likapita kiangazi. Jumamosi moja jioni mama mdogo akaniambia nijiandae. Kina mama wa usharika wao wanakwenda kesho kutembelea kanisa moja changa, kuwatia moyo.

"Mabati yamewashinda, maskini. Mnada wao hauingizi kitu. Tunakwenda kununua kwa nguvu, na kila mmoja anabeba chake cha kunadi."

"Kanisa gani, mama mdogo?"

"La kule juu, Olmotonyi."

Nikajishika tumbo. "Mama mdogo, nahisi tumbo."

"Utalihisi ukirudi. Nani atabeba kapu?"

Kapu lilikuwa zito, limefunikwa kitenge na kufungwa fundo. Sikuuliza kuna nini. Mimi, mtu wa maswali kwa kila kitu, siku hiyo nilikuwa nafikiria tu namna ya kujificha nyuma ya kwaya.

Na jua, jamani! Meru yote ilikuwa uchi, haina hata kipande cha wingu. Kanisa limejaa mpaka watu wamekaa madirishani. Tulipoingia tu, mwinjilisti akaja mbio na mikono miwili.

"Mgeni wetu wa mvua! Leo umekuja na jua!"

Mama mdogo akasimama. "Mnafahamiana?"

"Mama, huyu? Wengine wakikimbia mvua, yeye ndiyo anakuja! Vitu visivyo na mnunuzi ananunua yeye. Tunamwombea kila wiki."

Mama mdogo akanigeukia, macho yamemlowa. "Kumbe Jumapili zote ulikuwa huku? Na mimi nilidhani unazurura. Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Nilitamani mlima ulipuke.

Ibada ikaisha. Mnada ukafanyika nje uwanjani, watu wamezunguka duara. Kina mama wa mjini wakaanza kutoa vyao. Ikafika zamu ya mama mdogo. Akainama, akafungua fundo, akafunua kitenge.

Boga! Boga langu! Yaani, boga la Koko!

Alikuwa amelitoa chumbani nikiwa naoga, ili anifanyie surprise. Kizuri kuliko vyote vilivyomo nyumbani, ndicho alichoona kinafaa.

"Limetunzwa na kijana wangu mwenyewe," akatangaza, kidevu juu, akilikalisha kwenye kiti cha mnadi. "Miezi yote hii na halijaoza hata ukucha!"

Watu wakaguna kwa kusifu. Katikati ya mguno huo nikasikia fimbo inagonga chini. Ko. Ko. Ko. Koko alikuwa anakuja. Akaliinamia boga, akapitisha kidole kwenye kovu taratibu, mwanzo mpaka mwisho.

"Hii ni alama ya ng'ombe wetu," akasema.

"Koko, hili ni boga," Baba Neema akasema kwa upole.

"Macho ninayo, Baba Neema. Mume wangu alikuwa anachoma alama hii kwenye ng'ombe zake. Ng'ombe ziliisha, na yeye akaisha. Mimi nikabaki na maboga. Kila mwaka boga la kwanza kushika naliwekea alama kwa ukucha likiwa kama ngumi, lisiguswe na mtu, ni la Bwana. Linakua na alama inakua." Akainua uso. "Mwaka huu mliniambia limechanika. Mkasema lina maji. Nililia njia nzima."

Uwanja ukanyamaza. Nyinyi mnaojua mnada, mnajua ule ukimya. Mimi ndiye niliyewafundisha!

"Nani alisema lina maji?" Baba Neema akauliza.

"Mimi niliambiwa na baba huyu hapa," mama mmoja akasema.

"Mimi niliambiwa na mwenye koti!"

Mwenye koti akasimama, akatafuta na macho, akanipata nyuma ya kwaya. "Mimi niliambiwa na huyo mgeni wenu wa mvua. Na kuku mwekundu alikuwa anakohoa, aliniambia yeye!"

"Kuku wangu?" sauti ya mwanamke ikapasuka upande wa pili. "Kuku wangu akohoe?"

"Na viwavi vya kabichi langu!"

"Na kibuyu changu! Kibuyu changu alikinusa wapi?"

Nikasukumwa mpaka katikati ya duara. Nikakiri yote, hadi kichanja na nyasi kavu. Ningefanya nini? Boga lilikuwa limekaa pale kwenye kiti linanitazama na alama yake. Ningelipika mapema lingenitunzia siri. Ni nyasi zangu kavu na kugeuza kwangu kila wiki ndiko kulikolileta kutoa ushahidi likiwa na afya!

Nilimtazama mama mdogo. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo tu, "Kwa hiyo yule mtu wako wa mlimani anayekuuzia rahisi, asiyependa kutajwa... ni Mungu?"

Kuna mtu alicheka akajizuia. Mwingine akashindwa. Kisha uwanja wote ukaanguka. Mama mdogo peke yake hakucheka. Alikuwa anakunja kile kitenge, anakikunjua, anakikunja tena.

"Alipe!" wakasema.

"Sina kitu," nikasema, na hiyo ikawa kweli ya pili niliyowahi kusema pale kanisani.

Baba Neema akajikuna shingo. Halafu akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

"Kama hana kitu, basi tumnadi yeye. Panda kwenye kiti. Boga, mpishe."

Wakanipandisha. Mbele ya watu wote, na watoto wamekaa mstari wa mbele kama wanatazama mpira!

"Kijana huyu! Ana mikono miwili! Atakayemnunua atamfanyia kazi zake mpaka mavuno yaishe! Nani anaanza?"

Yule mwenye koti akajongea, akanizunguka mara moja, akageukia watu. "Mimi nisingewaambia, lakini mna watoto. Huyu anakohoa."

Na mimi, kwa woga wangu na vumbi lile, nikakohoa kweli! Nawaapia! Watu wakalala chini.

"Mgeuzeni tuone chini!"

"Ana kovu gotini, maji yameshaingia!"

"Wa bondeni huyu, ataoza kabla ya Jumatano!"

"Mgongeni kichwani tusikie kama kuna kitu!"

"Jamani, nani anaanza?" Baba Neema alikuwa analia kwa kicheko.

Koko akainua fimbo. "Yai moja."

"Yai moja! Nani anaongeza? Yai moja mara ya kwanza..."

Hakuna aliyeongeza. Walinyamaza wote, wananitazama kwa utulivu kabisa, vile vile nilivyokuwa nanyamaza mimi. Yai moja mara ya pili. Yai moja mara ya tatu. Nikauzwa.

Koko akanisogelea. "Utanijengea kichanja," akasema. "Kama hicho ulicholalishia boga langu. Na kingine hapa nyuma ya kanisa. Mvua ikinyesha, vitu vitunzwe, vinadiwe siku ya jua. Umenielewa?"

"Ndiyo, Koko. Shikamoo, Koko."

"Marahaba. Umechelewa, lakini marahaba." Kisha akamgeukia Baba Neema. "Kazi hiyo ataifanya. Yeye mwenyewe nimemnunua, namrudishia Bwana. Anadiwe tena, apate mahali pa kulala."

Hapo kicheko kilikoma, angalau kwangu. Maana nilielewa kinachonadiwa sasa ni nini. Begi langu. Kile chumba cha stoo. Lile dirisha.

"Kijana, kwa mara ya pili," Baba Neema akasema, safari hii bila honi. "Nani anamchukua?"

Nilimtazama mama mdogo. Alikuwa ametazama kitenge. Kimya. Mtoto mmoja akapiga chafya. Kimya tena. Maisha yangu yote nimeuombea mnada ukae kimya, na siku hiyo ukimya ule ulinichoma kama pilipili kwenye jicho.

"Jamani," Baba Neema akasema polepole.

"Mayai mawili," mama mdogo akasema.

Hakuinua uso. Nikaanza kuomba kimoyomoyo mtu yeyote asiongeze! Mara ya kwanza. Mara ya pili. Baba Neema naye akaiharakisha ya tatu, Mungu ambariki.

Boga lilinadiwa baadaye. Lilinunuliwa, likarudishwa, likanunuliwa, likarudishwa, mpaka likafika bei ya mbuzi mwenye mimba. Lilipopasuliwa lilikuwa la njano iliyokolea, tamu, kavu. Koko aliniletea kipande cha kwanza mwenyewe, akasimama mpaka nikamaliza. Sijawahi kula kitu kitamu kikanipa shida kumeza namna ile.

Njiani kurudi nilitembea nyuma ya mama mdogo na kapu tupu. Tulipokaribia nyumbani nikasema, "Asante, mama mdogo."

"Usinishukuru," akasema bila kugeuka. "Nilikuchukua kwa sababu ulikuwa rahisi."

Nilitumia Jumamosi zangu kule juu kujenga vichanja. Nikawaonyesha majivu ya maharage, mchanga wa karoti, nyasi za maboga. Sasa ikinyesha, Baba Neema anafunga mnada, vitu vinalala salama mpaka Jumapili ya jua. Bei kule imekuwa haishikiki! Mabati yameshaanza kupandishwa upande wa kwaya. Rahisi yangu nimeizika kwa mikono yangu, na chakula nanunua Tengeru kama watu wengine, jioni soko linapofungwa, nikiuliza bei na kufunga mdomo.

Mama mdogo bado hajarudi kunionyesha kwa wageni. Ila wiki iliyopita alifungua mlango wa chumba changu, akanusa, akatikisa kichwa, akaondoka. Nilikaa kitandani nikatabasamu peke yangu.

Ndugu zangu mnaosoma, bana matumizi. Nunua kwa akili, tunza kwa akili, maarifa yote hayo nimewapa bure. Lakini usikiponde kitu cha mtu ili kikushukie bei. Hujui kimebebwa mgongoni kutoka wapi, wala hujui siku gani utapandishwa wewe kwenye kile kiti.

Na ukiwa mnadani, ukasikia mtu nyuma yako ananong'ona kwamba kuku anakohoa, tafadhali, nakuomba, msikilize kuku kwanza.